Goti Bandia: Kwa Nini Mguu Hugoma Nyumbani

Goti bandia la chuma na plastiki ngumu kwa kawaida huweza kubeba uzito wa mwili siku ileile ya upasuaji au kesho yake. Kinachochelewa ni msuli. Mgonjwa aliyerudi nyumbani hujaribu kuinua mguu ulionyooka, haunyanyuki, na jamaa huanza kunong'onezana kwamba daktari amekata mshipa.

Karibu kila mara sababu ni nyingine. Goti lililovimba hujaa majimaji yanayoutanua utando wa kiungo. Humo mna miisho ya neva inayopima mkandamizo. Ikivutwa, hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao uti wa mgongo huzikandamiza neva zinazoamrisha msuli mkubwa wa mbele ya paja. Msuli mzima, neva nzima, ila amri haifiki kamili, mgonjwa ajitahidi asijitahidi. Ndiyo maana msuli huo hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, au zaidi, katika mwezi wa kwanza, upungufu ambao kusinyaa kwa nyama pekee hakuuelezi. Barafu iliyoviringwa kitambaani na mguu kuinuliwa hupunguza uvimbe. Kuukaza msuli mara nyingi kila siku, hata usipoonekana kuitika, huirudisha amri.

Kwa hiyo kauli ya "asiguse chini mpaka kidonda kikauke" huharibu magoti. Mgonjwa akilala tu, kovu hujifuma ndani ya kiungo, na likishakomaa goti halikunjiki tena kwa urahisi. Mto chini ya goti hustarehesha lakini hulizoeza kupinda. Uwekwe chini ya kisigino. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti, na swala isaliwe kitini.

Anayetoka Taasisi ya Mifupa Muhimbili kurudi kijijini huenda asipate mtaalamu wa fiziotherapia karibu, na pengo hilo huzibwa na wachuaji. Kazi yao haivumiliki. Damu iliyoganda kwenye shavu la mguu ikikandwa yaweza kung'oka, ikaziba mishipa ya mapafu na kuua. Majani yaliyopondwa juu ya kidonda huingiza bakteria, na wakishagandamana na chuma, antibiotiki huwafikia kwa shida. Wakati mwingine goti lote hung'olewa.

Joto gotini kwa miezi kadhaa na ganzi pembeni mwa kovu ni kawaida. Shavu la mguu kuvimba na kuuma, homa, usaha au kukosa pumzi ghafla: hospitali, saa hiyohiyo.