Nguvu Hutoka kwa Aliyekupokea

Bunia, huko Ituri mashariki mwa Kongo, ni mji ambao mtu yeyote wa makamo anakumbuka alikimbilia wapi Mei 2003. Jeshi la Uganda lilipoondoka mwanzoni mwa mwezi huo, wanamgambo wa Kilendu na wa Kihema waliugombania mji kwa bunduki na mapanga. Maelfu walijazana karibu na uwanja wa ndege na kando ya makao ya kikosi cha Umoja wa Mataifa. Juni waliingia askari wa Ulaya wakiongozwa na Ufaransa.

Watu waliopita katika vita hivyo husifiwa sana. Mgeni akifika na kukuta soko limejaa, mama amepanga mihogo na sombe yake, atasema watu wa Ituri wana moyo mgumu. Sifa hiyo siikubali yote. Mateso hayamjengi mtu, humla. Aliyebaki amesimama, ukifuatilia habari zake, utakuta kuna aliyemfungulia mlango.

Tazama Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali yake kubwa ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na siku zilizofuata waliokufa walipita elfu moja. Walionusurika, wagonjwa na wauguzi pamoja, walitembea kwa miguu siku kadhaa hadi mji wa Oicha. Huko wauguzi hao hao waliendelea kutibu. Hakuna ambaye angewalaumu kama wangeketi chini wakalia tu. Neema, kwangu mimi, ina sura hiyo: mtu aliyeporwa kila kitu bado anamfunga mwenzake kidonda.

Julienne Lusenge alikuwa mwandishi wa habari wa redio. Aliwasikiliza wanawake waliobakwa vitani, na mwaka 2000 yeye na wenzake walianzisha shirika la SOFEPADI hapo Bunia. Kituo chao cha afya katika mji huo wakakiita Karibuni wa Mama. Jina hilo lina uzito. Mwanamke aliyebakwa huweza kufukuzwa na mume, kutengwa na ukoo, kunyooshewa kidole kisimani. Kisha anasoma mlangoni kwamba hapa anakaribishwa. Anatibiwa, anasikilizwa, na akitaka kushitaki anapata wa kumsaidia. Mwaka 2023 Lusenge alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Haki ya mahakama nayo ina sehemu yake, japo huchelewa. Kijiji cha Bogoro, huko huko Ituri, kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Machi 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamuru waathiriwa 297 wa kesi ya Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo aliyehukumiwa kwa shambulio hilo, walipwe fidia ya mfano ya dola 250 kila mmoja, pamoja na misaada ya pamoja kama makazi na matibabu ya kisaikolojia. Miaka 14 ilikuwa imepita. Dola 250 hazirudishi mtoto wala ng'ombe. Lakini majaji walikiri kwamba watu hawa wanadai, na anayedai haambiwi avumilie tu.

Mauaji hayajakoma. Tarehe 1 Februari 2022 wanamgambo wa CODECO waliua watu zaidi ya 50 katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, huko Djugu. Waliopona wanahitaji dawa, turubai, shule ya watoto na mtu wa kuwasikiliza. Wewe mwenye chumba, mwenye redio, mwenye kura bungeni, wape hivyo kwanza. Sifa za uvumilivu wao zitangoja.