Ova Kumi za Collins Obuya

Ukiuliza sokoni Mbumbuni ni nani hushinda mechi, utatajiwa mfungaji wa mabao. Kandanda imetulea hivyo. Lakini kwenye kriketi, kama kwenye besiboli ya Wamarekani, mechi nzima inaweza kuamuliwa na mrushaji, mtu ambaye kazi yake ni kumnyima mpinzani. Wakenya tunao mfano ambao nadhani hatujauenzi vya kutosha: tarehe 24 Februari 2003, Kombe la Dunia, uwanja wa Nairobi Gymkhana, Kenya dhidi ya Sri Lanka.

Sri Lanka walikuwa mabingwa wa dunia wa mwaka 1996. Sisi tulipiga kwanza tukapata mikimbio 210 kwa kupoteza wiketi 9, yaani wapigaji tisa walitolewa, Kennedy Otieno akichangia 60. Muttiah Muralitharan, gwiji wao wa kuzungusha mpira, alitubana vibaya: wiketi 4 kwa mikimbio 28. Wapinzani wetu walihitaji 211 katika ova 50, na ova moja ni mipira sita. Hiyo ni mikimbio minne na ushei kwa kila ova, mzigo mwepesi kwa timu kama ile.

Collins Obuya alikuwa na umri wa miaka 21, na hakutegemea kasi. Silaha yake ilikuwa kifundo cha mkono. Shika chungwa kwa mkono wa kulia, ulirushe huku ukipindua kifundo kama anayefungua kifuniko cha mtungi. Likitua, litapinda kuelekea kushoto kwako. Kwa mpigaji anayetumia mkono wa kulia, mpira wa namna hiyo humkimbia baada ya kudunda; akiufuata, huugusa kwa ukingo wa gongo na kuupeleka mikononi mwa wadakaji. Kisha mrushaji hodari huchanganya na mwingine unaopinda upande wa pili, mkono ukionekana kwenda vilevile. Mpigaji anabaki kusoma kifundo, na muda wa kusoma ni chini ya sekunde moja.

Upole wa mpira nao ni mtego. Mpira wa kasi huja na nguvu zake. Ukiuelekeza tu, unakwenda mbali. Wa polepole humlazimu mpigaji kutoa nguvu zote mwenyewe, na anayetumia nguvu nyingi huuinua hewani.

Obuya alirusha ova zake zote 10 akatoa mikimbio 24 tu. Hapa ndipo hesabu inapouma. Ukiondoa 24 kwenye 211, inabaki 187 ya kutafutwa katika ova 40, karibu 4.7 kwa kila ova. Kila mpira wake uliopita bila mkimbio uliwaongezea wapinzani deni la kutafuta kwa warushaji wengine, na mwenye deni hucheza mipira ambayo angeiacha. Wiketi zikafuata: tano, miongoni mwao Aravinda de Silva, aliyepiga 107 bila kutolewa katika fainali ya 1996, pamoja na Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara. Sri Lanka wote walitoka kwa 157. Tulishinda kwa mikimbio 53, na katika mashindano hayo tukafika nusu fainali.

Kunyima, hata bila ushindi, ni ufundi wa kuheshimiwa. Mwezi uliofuata, mjini Durban, Aasif Karim, mwenzake mkongwe wa miaka 39, aliwarushia Australia mipira 50 halali akatoa mikimbio 7 pekee na wiketi 3. Australia walishinda siku hiyo, lakini dhidi ya Karim hawakupata njia.

Ndiyo maana hunisikitisha kuona makocha wa shule wakiwapanga watoto kwa mbio na misuli, kisha kumpa mpira yule anayerusha kwa nguvu kuliko wote. Kifundo chepesi hakionekani kwenye mbio za mita mia. Mpe mtoto mpira na kipande cha ardhi ngumu, mwambie aupinde, halafu tazama unakotua na unakoelekea.