Tarehe 20 Septemba na Daftari la Mabaharia

Magazeti mengi yana desturi ya kutenga safu ndogo, aghalabu katika ukurasa usiosomwa kwa makini, ambamo hutajwa mambo yaliyotokea siku kama ya leo katika miaka iliyopita: mfalme fulani alizaliwa, ngome fulani ilitekwa, marikebu fulani ilizama. Msomaji huipitishia jicho safu hiyo, akaguna kidogo, kisha akaendelea na habari za bei ya unga. Katika siku zote za mwaka mimi nimeishika tarehe 20 Septemba, ambayo haina nuhusi kuliko nyenzake, kwa sababu ndiyo siku ambayo mwaka 1914, katika bandari ya Unguja, manowari moja iliipiga nyingine mbele ya macho ya mji mzima. Na nilipoanza kuichungua nikaona kuwa mabaharia na abiria wa maji mengine, ya mbali na ya karibu, nao wamo ndani yake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa havijatimiza miezi miwili. Wajerumani walikuwa wameshika Dar es Salaam na bara yake, Waingereza walikuwa na Mombasa, na Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza hao hao, ijapokuwa Sultani Khalifa bin Harub ndiye aliyekalia kiti. Katika maji haya Wajerumani walikuwa na manowari moja tu ya kisasa, nayo ni Königsberg, iliyofika Dar es Salaam mwezi wa Juni chini ya nahodha Max Looff, ambayo watu wa pwani waliitambua kwa dohani zake wakaiita manowari ya bomba tatu. Vita vilipokaribia iling'oa nanga ikaenda zake mbali, na mapema mwezi wa Agosti, katika pwani ya Arabuni, ikaiteka meli ya shehena ya Kiingereza, City of Winchester, iliyokuwa ikichukua chai ya Bara Hindi. Ama kurudi Dar es Salaam haikuweza tena, kwani tarehe 8 Agosti, Waingereza walipokuja kuupiga mizinga mnara wa simu ya upepo, maofisa wa bandari walikizamisha chelezo chao kikubwa kinachoelea katika mlango wa bandari ili adui asipate njia, wakasahau kwamba mlango unaomzuia mgeni humzuia na mwenyeji. Hapo ndipo Königsberg ilipokwenda kujificha katika delta ya Rufiji, mahali ambapo mto hugawanyika mikono mingi, na mikoko imefunga pande zote, na mtu aliye baharini haoni ila ukuta wa majani.

Katikati ya Septemba habari zikamfikia Looff kwamba manowari ya Kiingereza imetia nanga Unguja. Ilikuwa Pegasus, chombo kilichoshushwa majini mwaka 1897, chenye mizinga minane ambayo masafa yake yalikuwa mafupi kuliko ya mizinga ya Wajerumani, na kilichokuwa kimechoka kiasi cha kulazimika kusimama ili mitambo itengenezwe na boila zisafishwe. Nahodha wake, John Ingles, hakuwa mzembe. Alikuwa amepewa kazi ya kulinda pwani ndefu kwa chombo kikongwe, na chombo kikongwe hakina budi kusimama. Msomaji wa mwambao atapenda kujua jambo moja ambalo vitabu vya vita havilitilii maanani: mwezi ulikuwa ndiyo kwanza unaandama. Usiku ulikuwa wa giza totoro, na bahari ilikuwa ya bamvua, maji yakijaa kupita kiasi cha siku nyingine, hata chombo kizito kikaweza kuvuka mchanga wa mlango wa Rufiji bila ya kukwama. Ilikuwa majira ya demani, kusi limekwisha kulegea. Looff alitoka kwa maji makuu ya alasiri ya Jumamosi, tarehe 19, akashika njia ya kaskazini usiku kucha.

Kiasi cha saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili, wakati ambapo wenye kuswali walikuwa wakijiandaa, Königsberg iliingia kwa upande wa kusini. Mlinzi wa njia alikuwa Helmuth, chombo kidogo kilichokuwa cha Wajerumani wenyewe kabla ya kutekwa, nacho kilipigwa mara moja. Kisha, kutoka masafa ya kiasi cha kilomita 8, manowari ile ikaanza kuielekezea Pegasus mizinga yake. Waingereza walijibu, walakini makombora yao yaliishia majini, ilhali ya adui yalikuwa yakitua sitahani. Na baada ya dakika chache, wengine husema nane, mizinga ya Pegasus iliyoelekea upande wa adui ilikuwa imenyamaza yote. Habari ya bendera kila upande uliisimulia kwa namna yake: Wajerumani walisema wameona kitambaa cheupe, Waingereza wakasema bendera yao ilipoangushwa askari waliishika kwa mikono isiguse chini. Mimi sioni haja ya kuamua kati yao. Chombo kilichokuwa kinazama hakikuwa na haja ya kitambaa cha rangi yoyote.

Walijaribu kuivuta Pegasus hadi maji madogo, lakini baada ya adhuhuri ikalala ubavu ikazama. Watu 31 walikufa na 55 wakajeruhiwa, na baada ya baadhi ya majeruhi kufariki hesabu ya wafu ikafika 38. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mkabala wa Mji Mkongwe, mahali ambapo tangu zamani za doria dhidi ya biashara ya watumwa Waingereza walikuwa wakizika mabaharia wao, akiwamo nahodha Charles Brownrigg aliyeuawa mwaka 1881 alipoisimamisha jahazi ya watumwa karibu na Pemba. Königsberg ilipokuwa ikitoka iliangusha mapipa majini ili Waingereza wadhani ni mabomu ya kutegwa, hila ambayo hata adui alipaswa kuisifu. Nia ya Looff ilikuwa kutoka kabisa katika maji haya na kurejea kwao. Haikuwa. Siku ile ile mtambo wake mmoja ulivunjika, naye akalazimika kurudi katika mikoko ile ile aliyotoka.

Hapa inaanza sehemu ya hadithi ambayo safu za siku kama ya leo haziiandiki kamwe. Kipande kilichovunjika hakikuweza kutengenezwa Rufiji, kwani karakana iliyofaa ilikuwa Dar es Salaam, na njia ya bahari ilikuwa imefungwa. Ilibidi vyuma vile vipelekwe kwa nchi kavu, kupitia vinamasi, mchanga na misitu, vikiburutwa kwa mikono na mabega ya Waafrika, kisha virudishwe vilikotoka. Waingereza walikwisha kuyagundua maficho yake mwishoni mwa Oktoba. Mwezi wa Novemba walizamisha meli yao ya makaa, Newbridge, ili kuziba njia mojawapo. Mwezi wa Januari 1915 wakaitwaa Mafia, na baadaye ndege zikawa zikiruka kutoka kisiwani humo kwenda kutazama makombora yanatua wapi. Mwishowe walileta vyombo viwili vya maji madogo, Severn na Mersey, vilivyovutwa kutoka Malta kwa kupitia Suez, navyo vikaipiga Königsberg tarehe 6 Julai, kisha tarehe 11 Julai, siku ambayo Looff aliiangamiza mwenyewe isitekwe. Hata hapo kazi ya wachukuzi haikwisha: mizinga yake kumi ilitolewa matopeni, ikaburutwa tena hadi Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu na kwenda vitani pamoja na jeshi la Wajerumani la kamanda Lettow-Vorbeck. Mmoja wa mizinga hiyo unaonekana hadi leo Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu, na watoto hupanda juu yake kupigwa picha.

Sasa, mtu akitaka kujua majina ya waliokufa ndani ya Pegasus, atayapata, jina kwa jina, cheo kwa cheo, maana kila manowari ina daftari la mabaharia wake, na daftari hilo lina nakala nchi kavu. Akitaka majina ya walioburuta vyuma vya Königsberg hatayapata. Kwa rai yangu hiyo ndiyo siri ya kumbukumbu hizi za kila mwaka: siku hukumbukwa na yule aliyekuwa na karani. Ushujaa una fungu lake, na ushindi una fungu lake, lakini daftari ndilo linaloamua nani atatajwa baada ya miaka 100.

Chukua mfano wa 20 Septemba nyingine, ya mwaka 1519, ambayo mabaharia wa dunia nzima huitaja. Siku hiyo Magellan, Mreno aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Hispania, alitoka Sanlúcar de Barrameda na vyombo vitano na zaidi ya watu 230, kutafuta njia ya magharibi ya kufikia visiwa vya viungo. Alikuwa mtu ambaye bahari yetu haikuwa ngeni kwake, kwani mwaka 1505 alisafiri katika msafara wa Almeida, ule ulioivamia Kilwa na kuichoma Mombasa. Yeye mwenyewe hakurudi. Aliuawa Mactan, katika visiwa vya Ufilipino, mwezi wa Aprili 1521. Kilichoizunguka dunia kikarudi ni chombo kimoja, Victoria, mwezi wa Septemba 1522, kikiwa na watu 18 na shehena ya karafuu, zao ambalo mashamba ya Unguja na Pemba yalikuwa hayajalijua bado, wala hayangelijua hadi karne ya 19. Makarani wa Hispania waliandika kila mtu na ujira wake, na kwa ajili hiyo tunamjua hata Enrique, mtumwa wa Magellan na mkalimani wake, ambaye lau si daftari la mishahara angekuwa kivuli tu.

Safari hiyo ina kichekesho kinachopaswa kumtia hadhari kila mwandishi wa tarehe. Victoria ilipofika visiwa vya Cape Verde katika njia ya kurudi, Pigafetta, msafiri wa humo chomboni aliyekuwa ameandika siku zote bila ya kuruka hata moja, aliambiwa na watu wa nchi kavu kwamba leo ni Alhamisi, ilhali hesabu ya chomboni ilisema Jumatano. Hawakukosea: kwa kulifuata jua kuelekea magharibi hadi kuizunguka dunia, siku moja ilikuwa imewaponyoka. Fauka ya hayo, 20 Septemba ya Magellan ni ya kalenda ya kale, iliyorekebishwa na Papa Gregory XIII mwaka 1582 kwa kurukwa siku kumi. Mabaharia wetu wa zamani, waliohesabu misimu yao kwa Nairuzi na kwa miongo, wala si kwa miezi ya Kizungu, wangecheka kusikia mabishano haya.

Katika vita vya nchi kavu tarehe hii imejaa, nami nitapita haraka. Mwaka 1792, huko Valmy, jeshi la mapinduzi la Ufaransa liliwazuia Waprusia kwa mizinga zaidi kuliko kwa mapanga, na kesho yake ufalme ukafutwa. Mwaka 1854 Waingereza, Wafaransa na Waturuki waliwashinda Warusi penye mto Alma katika Krimea. Lakini Mrusi wa zama zile ukimwuliza angekuambia vita hivyo vilikuwa tarehe 8 Septemba, kwa kuwa kalenda yake haikuwa imerekebishwa. Mwaka 1870 majeshi ya Italia yaliingia Roma kwa tundu walilolitoboa katika ukuta karibu na Porta Pia, na ndiyo maana miji mingi ya Italia ina barabara inayoitwa kwa tarehe hii.

Inabaki 20 Septemba ya mwisho, iliyo karibu na nyoyo zetu kuliko zote, na ambayo haikuhusu vita. Alhamisi ya mwaka 2018, siku ya soko Bugolora, kivuko MV Nyerere kilitoka Ukerewe kuelekea Bwisya katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria, kikiwa na watu, magunia ya mahindi, saruji na vitu vingine vya sokoni. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati, hata waliokuwa wakiwangoja jamaa zao waliona kwa macho. Watu 41 waliokolewa. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Rais Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na Jumapili iliyofuata baadhi yao wakazikwa Ukara. Siku mbili baada ya ajali wapiga mbizi walimkuta fundi mmoja wa mitambo yu hai, katika nafasi ndogo iliyobaki na hewa.

Linganisha na Pegasus. Saa chache baada ya mizinga kunyamaza, nahodha Ingles aliweza kuwaita watu wake kwa majina na kujua nani hayupo. Ukara haikuwezekana hivyo, kwa sababu mkatishaji wa tiketi alikufa maji, na mashine yake ikazama pamoja naye. Kwa hiyo idadi ya waliokuwamo ilipatikana kwa kuwajumlisha waliotolewa majini na wale waliookolewa, maiti baada ya maiti, kwa siku kadhaa, pasipokuwa na orodha ya waliopanda.