Unanunua pikapu ya zamani iwe gari la familia? Anza na swali hili: watoto watakaa wapi?

Simama kando ya barabara Nyarugusu, mkoani Geita, asubuhi ya Jumapili. Utaona picha ambayo wengi wetu tumekulia ndani yake. Pikapu ya zamani inapita. Mbele wapo baba, mama na mtoto mchanga mapajani. Nyuma, kwenye bodi, wamesimama watoto wanne au watano wameshika bomba la chuma, vitambaa vimefunika pua kwa sababu ya vumbi. Wanacheka, wanakwenda kanisani. Jana yake bodi hiyohiyo ilibeba viroba vya mawe kwenda karasha.

Simlaumu mzazi anayechagua gari hili. Hilux za miaka ya 1980 na 1990, na Land Cruiser za mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984, ni magari ambayo fundi wa chini ya mti anayajua kama kiganja chake. Injini zake za dizeli nyingi hazina kompyuta, na vipuri havimsumbui mtu wa Geita, Katoro wala Kahama. Siku sita gari linatafuta hela, ya saba linabeba familia. Kwa mwenye mtaji mdogo, gari dogo la kutembelea tu ni starehe isiyolipa.

Tatizo ni kwamba mnunuzi hukagua injini, anasikiliza mlio, anaangalia moshi, anapiga teke tairi, kisha anahesabu hela. Swali la watoto halijaulizwa.

Sifa ya ugumu wa magari haya ni ya kweli. Mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha BBC, Uingereza, kilichukua Hilux ya mwaka 1988 iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000. Waliiacha ikafunikwa na maji ya bahari, wakaichoma moto, wakaipandisha juu ya ghorofa na kulibomoa ghorofa hilo. Ikawaka. Hadithi hiyo imeuza pikapu nyingi. Lakini kilichopimwa pale ni uhai wa injini. Ndani hakukuwa na mtu.

Jaribio linalomhusu mzazi lilifanyika Marekani mwaka 2009. Taasisi ya IIHS, inayopima usalama wa magari, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, kila moja ikienda karibu kilomita 64 kwa saa. Wengi wangeweka dau kwa lile zee lenye chuma kinene. Kabini yake ilijikunja, usukani ukamfuata dereva, na wataalamu wakasema dereva halisi asingepona. Wa gari jipya angeumia mguu kidogo. Gari jipya limetengenezwa ili pua yake ijikunje na kumeza nguvu ya mgongano kabla haijafika kwa abiria. La zamani hukabidhi nguvu hiyo kwa waliokaa ndani. Hilux ya 1990 si sawa na gari la 1959, lakini ukimsikia muuzaji anasema “hili ni chuma, huwezi kuumia”, jua anasifia bodi, hajazungumzia mbavu za mwanao.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo chanzo cha kwanza cha vifo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Sisi wa dawati la afya huandika sana kuhusu malaria na kuharisha, na ni sawa, lakini mtoto akishavuka miaka mitano barabara ndiyo inayomtafuta.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua boneti, fungua mlango. Hesabu viti, kisha hesabu mikanda inayofanya kazi. Vuta kila mkanda kwa nguvu na ghafla, lazima ukamate. Mkanda uliochanika pembeni au kukakamaa kwa jua ubadilishwe. Kama mna watoto watatu na gari ni singo kabini, hesabu imekataa hapo hapo, hata injini iwe tamu vipi. Tafuta dabo kabini, hata kama ni ya mwaka wa nyuma zaidi au itabidi usubiri mavuno mengine.

Mtoto wa mapajani ndiye aliye hatarini kuliko wote kule mbele. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 anakuwa mzigo wa mamia ya kilo, na hakuna mkono wa mama unaouzuia. Kiti maalumu cha mtoto kinafungwa kwa mkanda wa kawaida, na vilivyotumika vinauzwa mijini. Hapa pikapu ya zamani ina nafuu moja ya ajabu: nyingi hazina mfuko wa hewa upande wa abiria, hivyo kiti cha mchanga kinachotazama nyuma kinaweza kufungwa mbele. Gari lenye mfuko huo, usithubutu.

Bodi sasa. Wazee wa Dar es Salaam wanazikumbuka “chai maharage”, zile pikapu za abiria za miaka ya 1980 ambazo watu walikaa wakitazamana. Zilikuja kwa sababu mabasi yalikuwa machache, na tukazoea. Mtu aliye kwenye bodi hana cha kumshika gari likikwepa shimo. Pia pikapu tupu ni nyepesi nyuma na huteleza kwenye changarawe. Ukiijaza watoto waliosimama, uzito unapanda juu na kona ya kawaida inaweza kuipindua.

Mvua ikinyesha tunawafunika kwa turubai, na hapo tunawaongezea hatari nyingine: moshi wa bomba huvutwa ndani ya turubai. Hata kabini inaweza kuingiza moshi kama sakafu imeoza kwa kutu au bomba lina tundu. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Mtoto ataumwa kichwa, atasikia kichefuchefu, atalala usingizi mzito. Mzazi wa Kanda ya Ziwa atawaza malaria, na akapime kweli, lakini kama dalili huja safarini na kupungua mkishashuka, mpeleke fundi chini ya gari.

Kwa wenzetu wa ukanda wa dhahabu lipo swali ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam halihitaji: gari hili lilibeba nini? Vumbi la mawe yaliyosagwa lina silika, inayoharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu. Zebaki ikimwagika hujificha chini ya kapeti na kwenye mikunjo ya viti, ikitoa mvuke polepole hata bila moto, na joto la kabini iliyofungwa juani huuzidisha. Ubongo wa mtoto unaokua huathirika zaidi kuliko wetu. Kufagia huzidi kuitawanya. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya risasi iliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Miamba ya huko si ya Geita, lakini njia ya sumu kumfikia mtoto ni ileile: vumbi la kazini likiingia anapokaa na kula.

Kwa hiyo ng’oa kapeti kabla ya kulipa. Ukiona vitone vinavyong’aa kama fedha, achana na gari hilo. Ukishanunua, zebaki, sayanidi na madumu yake yasipande kabisa gari la watoto, na nguo na viatu vya mwaloni visiingie kabini. Ukitoka karasha, osha bodi kwa maji kabla halijafika nyumbani. Kufagia likiwa kavu ni kuwapulizia watoto vumbi.

Mengine fundi atakusaidia: kutu kwenye chasisi, mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Tairi usiangalie meno tu. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi lenye meno mazuri bado ni tairi la kupasuka.

Sehemu ngumu itakuja Jumapili, umeshawafunga wako watatu mikanda, na watoto wa jirani wanakimbia kudandia nyuma. Mama yao anakutazama kutoka mlangoni. Hapo wengi hushindwa, kwa aibu ya kuonekana una roho mbaya. Shuka, msalimie, mwambie bodi haibebi watoto tena, wa kwako wala wa kwake. Kama kanisa si mbali, wapeleke wako, kisha rudi uchukue wake kwa awamu ya pili, wakae ndani.