NYASI ZA PLASTIKI HAZINYWI MAJI

Katika mitaa mipya ya Dar es Salaam, toka Bunju hata Kigamboni, imezuka desturi ambayo yafaa tuizungumze kabla masika hayajatukuta tena. Mtu hutandaza vitofali vya pevingi katika njia ya gari ya kuingilia kwake. Mvua ya kwanza huchimba mchanga kandokando ya njia, na vitofali vya ukingoni vikaanza kulala upande. Basi mwenye nyumba huenda dukani akanunua kapeti la nyasi bandia, akalitandika juu ya kovu lile, akalipigilia misumari, akahesabu kuwa kazi imekwisha. Kwa wiki chache mahali hupendeza. Mvua kubwa ifuatayo hulifunua kapeti, na shimo lililo chini yake limekwisha kuwa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Hatuandiki haya kwa kumcheka mtu. Mfanyakazi aliyejenga kwa mshahara, tofali baada ya tofali, ana haki ya kutaka ua wake uwe wa kijani. Lakini fedha yake ni ya jasho, na wauzaji humwambia mengi kuhusu rangi ya nyasi hizo na machache sana kuhusu maji.

Nyasi bandia ni nyuzi za plastiki zilizoshonwa katika kitambaa kizito chenye vitundu. Zilianza kusikika sana ulimwenguni mwaka 1966, zilipotandikwa katika uwanja wa michezo wa Astrodome, mjini Houston, Marekani. Uwanja ule umeezekwa paa, na nyasi za kweli zilikuwa zimekufa kwa kukosa mwanga baada ya paa kupakwa rangi. Hivyo zilitandikwa pale kwa sababu mmea haukuweza kuishi, wala si kwa sababu maji yalikuwa yameshindikana. Uwanja wa mpira wenye nyasi hizo hukauka kwa sababu ya tabaka za kokoto na mabomba yaliyofukiwa chini. Kapeti lenyewe halinywi maji wala halina mizizi ya kushika mchanga. Kazi yake ni kuyapitisha tu. Yakikuta chini mchanga uliolegea, huuchukua. Yakikuta mfinyanzi ulioshindiliwa, husimama na kualika mbu.

Na tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Njia yenye upana wa meta 3 na urefu wa meta 12 ina eneo la meta mraba 36. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa siku moja ya masika katika pwani yetu, huimwagia lita 1,800 za maji, yaani mapipa 9 ya lita 200. Kama paa la meta mraba 80 lamwaga upande ule ule bila mfereji, ongeza lita 4,000, mapipa mengine 20. Jumla mapipa 29 yapita katika ukingo mmoja wa njia, na mbele yake pametandikwa kipande cha plastiki chenye upana wa nusu meta!

Kwa hiyo kazi huanzia juu. Paa liwekewe mifereji, na maji yake yaingie tangini, ambako yatafaa kwa kufulia na kumwagilia. Kisha njia yenyewe ipewe mwinamo wa sentimeta 2 kwa kila meta, kuelekea mbali na msingi wa nyumba. Fundi mwenye ubao mnyofu na pima maji aweza kuhakikisha jambo hilo kwa nusu saa. Ukingo ufungwe kwa zege, kichwa chake kisizidi uso wa vitofali, ili maji yavuke badala ya kukimbia kando yake na kuchimba. Nyuma ya zege uchimbwe mtaro wa upana wa sentimeta 30 na kina cha sentimeta 40, utandikwe kitambaa cha kuchujia, ujazwe kokoto safi za ukubwa mmoja. Kati ya kokoto za namna hiyo, kama sehemu 4 katika 10 ni nafasi tupu. Mtaro wa meta 12 basi hushika karibu lita 570, kama theluthi ya maji ya njia. Yaliyobaki hayana budi kunywewa na ardhi au kupewa njia ya kutokea.

Hapo ndipo pwani inapotofautiana na bara. Penye mchanga mtupu ardhi hunywa upesi. Penye mfinyanzi hainywi, na katika sehemu za chini, karibu na usawa wa bahari, maji ya ardhini hupanda masika hata mtaro wa kokoto ukawa birika lililojaa tangu asubuhi. Tena wakati wa bamvua bahari huziba midomo ya mitaro iendayo ufukweni. Chimba shimo la nusu meta, lijaze maji, utazame yatoweka kwa muda gani. Fanya hivyo wakati wa mvua, maana shimo la kiangazi husema uongo.

Mtaro ukiisha, juu yake waweza kutandika nyasi bandia ukitaka. Sisi twapendelea ukoka. Mizizi yake hufunga mchanga, nao hauchomi nyayo za watoto saa saba mchana, ilhali plastiki juani yaweza kupita nyuzi joto 60. Penye kivuli kizito, ambapo ukoka hufa, kapeti lina haki yake. Lakini msilipigilie misumari ya chuma cha kawaida, kwa kuwa hewa ya chumvi huila upesi. Nyuzi zake zikichakaa huishia mtaroni na baharini, nasi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019.

Liko na jambo la jirani. Kila aliyeinua ua wake kwa kifusi amemsukumia mwenzake maji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Mtaani hakuna wa kumhamisha aliye chini ya ukuta wako. Mtaro wako usipokuwa na mahali halali pa kutolea maji, kaeni pamoja na mjumbe na majirani mchimbe mmoja wa wote.

Na kabla ya kumlipa fundi fungu la mwisho, kapeti likiwa bado limeviringishwa, imwagie njia mapipa mawili ya maji, usimame ukingoni utazame yanakokwenda. Yakizama katika kokoto, mlipe. Yakipita kwa jirani, mwite jirani aje aone, na fundi achukue tena sepetu yake.