Neno Lililosahaulika Halijaisha Kazi

Ni kawaida kudhani kwamba neno lililosomwa kisha likasahaulika limetoweka akilini, ilhali utafiti wa saikolojia unaonyesha kuwa huacha athari inayoendelea kuongoza macho, masikio na hata uamuzi wa mtu asiyekumbuka alikutana nalo wapi. Athari hiyo huitwa kumbukumbu fiche, ili kuitofautisha na kumbukumbu dhahiri, yaani ile ambayo mwenyewe hutambua kwamba anakumbuka.

Ushahidi wa mapema ulitoka kwa wagonjwa waliopoteza kumbukumbu kwa sababu ya madhara ya ubongo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1970, Elizabeth Warrington na Lawrence Weiskrantz wa Uingereza waliwapa wagonjwa hao maneno ya kusoma, na ingawa baadaye walishindwa kuyatambua walipoulizwa, waliweza kuyataja vizuri walipoonyeshwa vipande vyake tu. Kwa watu wenye afya, Endel Tulving na wenzake waligundua nchini Kanada, mwaka 1982, kwamba baada ya siku 7 uwezo wa kutambua maneno yaliyosomwa ulikuwa umeshuka sana, lakini wepesi wa kuyakamilisha yakiwa na herufi pungufu ulikuwa karibu uleule.

Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba akili huuhisi wepesi huo bila kujua chanzo chake, hivyo huutafutia sababu nyingine. Larry Jacoby na wenzake, katika jaribio la mwaka 1988, waliwasikilizisha watu sentensi zilizochanganywa na kelele, na wale waliokuwa wamezisikia sentensi hizo awali walikadiria kuwa kelele yenyewe ilikuwa ndogo, ingawa haikuwa imepunguzwa. Mwaka uliofuata, Jacoby na wenzake walionyesha kuwa majina ya watu wasiojulikana, yakisomwa leo, kesho yake huweza kudhaniwa kuwa ya watu mashuhuri, kwa kuwa msomaji huona jina si geni kwake lakini amekwisha kusahau kwamba alilisoma jana tu.

Hatari kubwa zaidi iko katika suala la ukweli. Tangu utafiti wa Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino wa mwaka 1977, imethibitishwa mara nyingi kwamba kauli iliyorudiwa huaminiwa zaidi kuliko kauli mpya, iwe ya kweli au ya uongo, na mwaka 2015 Lisa Fazio na wenzake walionyesha kuwa hata mtu mwenye ujuzi sahihi kuhusu jambo fulani huweza kuathiriwa. Kwa hiyo mhariri, mtangazaji au mwalimu anayekanusha uvumi hana budi kuanza na ukweli, kuurudia ukweli huo, na kuutaja uongo mara chache iwezekanavyo.