Gari Lililoinuliwa na Mwegamo wa Magurudumu

Wakati wa mvua, makorongo ya Kongwa humshawishi mwenye Land Rover kuliinua gari lake kwa springi ndefu zaidi. Tope halimsumbui tena; lakini afikapo Mbande na kuingia barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro, usukani huyumba. Kwa nini?

Tazama uma wa mbele wa baiskeli: umeegama nyuma kidogo. Mstari wake ukirefushwa hadi chini, hugusa ardhi mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Kwa hiyo tairi hufuata nyuma na kujinyoosha lenyewe. Gari nalo lina mwegamo huo, uitwao kasta. Katika Land Rover One Ten, iliyotolewa mwaka 1983, ni takriban nyuzi 3.

Ekseli ya mbele ya gari hilo hushikwa na mikono miwili iliyofungwa nyuma yake kwenye chasisi. Tuseme mkono una urefu wa sentimita 90, nayo chasisi imeinuliwa sentimita 5. Mkono utageuka kwa pembe ambayo sini yake ni 5/90, yaani nyuzi 3.2. Ekseli hugeuka pamoja nao, na kasta yote hutoweka.

Kurekebisha fimbo ya usukani hakurudishi kasta. Yafaa kutumia bushi zenye tundu la pembeni, au mikono iliyotengenezwa kulingana na kimo kipya cha gari, kisha kupima tena. Na pembe ya shafti ya mbele ikaguliwe pia. La sivyo, aliyevuka korongo salama aweza kuangamia kwenye lami.